Ridhaa ya Mzee Nurdini

"Jina lako nani, mzee?"

Muuguzi wa hospitali ya Kibiti aliuliza huku akitazama dirishani. Nurdini alilijua jina lake. Alilijua la baba yake, la babu yake, na majina ya mikono yote ya mto iliyowalisha hao wawili. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Jumatatu."

"Mzee Jumatatu nani?"

Benchi zima likacheka, kicheko cha watu waliokaa tangu asubuhi bila kuitwa na sasa wamepata bure kitu cha kuwachangamsha. Nurdini akatikisa kichwa, akajaribu tena, na midomo ikamletea Jumatatu ileile. Ute ukamchuruzika upande wa kulia, upande uliokufa. Hakuuhisi mpaka binti yake alipoufuta kwa pindo la kanga.

"Anaitwa Nurdini Mbonde," Sikudhani akasema. "Tumetoka Salale."

"Kumbe hasikii. Ungesema mapema." Na tangu hapo muuguzi akawa anampigia mzee ukelele wa mtu anayeita chombo ng'ambo ya pili.

Alikuwa anasikia. Hilo ndilo lililomtesa. Aliwasikia abiria kwenye boti, wakivuka kuja Nyamisati, wakinong'onezana kwamba Mungu kamkata ulimi kwa kuwa ulikuwa mrefu. Alimsikia kondakta wa gari la Kibiti akimwamuru Sikudhani amkalishe mgonjwa nyuma asije akachafua watu. Kila jibu alikuwa nalo kifuani, zima, limekamilika, na kila alipolituma lilifika mdomoni limekuwa kitu kingine. Alitaka chumvi akaomba mtumbwi. Alitaka kukojoa akasema bismillahi.

Kiharusi kilimwangusha shambani, ndani ya maji ya magoti, miche ya mpunga mkononi. Kabla ya siku hiyo Salale nzima ilimwita Mzee Hatutaki. Jina alilipata ujanani, walipokuja watu wa kwanza kutaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba kule mashambani kwao. Mkutano mzima uliinamisha vichwa. Nurdini akasimama, akasema hatutaki, akakaa. Wale watu walirudi mara nyingi baadaye, kwa majina mengine na kofia nyingine, naye kila mara alisimama. Hakuwa amesoma. Alikuwa na kumbukumbu tu. Baba yake alipakiwa kwenye lori enzi zile za kuhamishwa bondeni, akaahidiwa maji ya bomba huko juu. Alikuta nguzo imechomekwa mahali ambapo bomba lingekuwa, akaishi akiitazama mpaka akafa. Nurdini na mama yake walirudi majini, wakalifufua shamba la ukoo la Kitope, na toka hapo mtu mwenye viatu vya ngozi akitamka maendeleo mbele yake, alimuuliza nguzo kaichomeka wapi.

Shamba la Kitope halikutolewa kwa mtu yeyote bila kauli ya mkubwa wa ukoo. Mkubwa alikuwa yeye. Aliyemfuata alikuwa mdogo wake Abdulrazaq, mnunuzi wa kamba, mtu wa maneno laini na simu mbili.

Mtaalamu wa usemi waliyekwenda kumwona alikuwa msichana wa Kihindi, mzaliwa wa hapohapo Kibiti, Dhara, ambaye babu yake aliuza vitambaa na mafuta ya taa Mohoro. Aliletwa na mradi, mara moja kwa mwezi, na chumba alichopewa kilikuwa stoo ya vyandarua.

"Shikamoo, baba," Dhara akasema. Kisha akanyamaza, akangoja.

Tangu aanguke hakuna mtu aliyekuwa amemngoja. Watu walimmalizia, walimkisia, walimjibia. Huyu mtoto alikaa tu, mikono magotini, kama mtu aliyeweka ndoana na hana haraka.

"Ma... marahaba."

"Unaona? Lipo."

Abdulrazaq, aliyekuwa nje na simu zake, akaingia, akasimama mlangoni. Dhara akawaeleza wote. Ugonjwa unaitwa afasia. Si wazimu, si uziwi, wala hakurogwa. Akili iko palepale. Ni kama mkono wa mto ulioangukiwa na gogo: maji yapo, ila hayapiti. Watayatafutia pa kupita. Akamwomba mzee aimbe chochote alichokiimba utotoni.

Nurdini akamtazama kama anayetaniwa. Halafu akaimba. *Haya ndege, toka, mpunga una mwenyewe.* Wimbo wa kuamia ndege, beti zote, neno kwa neno, bila hata moja kupotea. Sikudhani akaziba uso kwa kanga. Abdulrazaq akazima simu.

"Tutapita hapa," Dhara akasema. Sentensi fupi, iimbwe polepole. Kwa kila pigo agongwe kidogo mgongo wa mkono wa kushoto, ule mzima. Siku kwa siku wimbo upunguzwe, mpaka yabaki maneno matupu. Nyumbani, kila siku, bila kuchoka. "Na maneno myachague anayoyahitaji yeye. Si mnayoyahitaji nyinyi. Baba, unataka nini kwanza?"

Mzee alimnyooshea kidole Sikudhani, kisha akazungusha mkono kichwani, akifunga kilemba kisichokuwepo. Sikudhani akainamisha macho. Alikuwa ameposwa na Ismaily, fundi wa boti wa Mbwera, na harusi ilikuwa ikingoja baba apone. Nurdini alitaka kumwoza binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. *Nimekuozesha binti yangu.* Mama yake msichana alikuwa ameshafariki. Hicho ndicho kitu alichobaki nacho cha kumpa.

Halafu akainua kiganja mbele ya uso wa Dhara, kama anayezuia mlango.

"Hapana? Unataka kusema hapana?"

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.

"Hilo nalo," Dhara akacheka. "Hilo ni la kila mtu."

Ila binti hamfundishi baba yake maneno ya kumwoza. Hata kuyatamka mbele yake ni kukosa haya. Wanawake wa Salale wangesema msichana anajipigia debe. Sikudhani alilijua hilo bila kuambiwa, akabaki anachezea pindo la kanga. Ndipo Abdulrazaq aliposogea, akamshika kaka yake bega.

"Niachie mimi, mwanangu. Huyu ndiye aliyenilea. Nani mwingine wa kumrudishia ulimi wake?"

Nurdini akaubusu mkono ule begani.

Wakawa wanakaa barazani kila baada ya alasiri, Abdulrazaq kushoto, mkono wa mzee juu ya paja lake. Siku ya kwanza Nurdini alimkazia macho mdogo wake midomoni, akingoja *nimekuozesha*.

"Hilo refu, kaka. Tuanze na dogo. Si walii, mwenye kuoza, kwanza huulizwa kama ameridhia? Haya. Ni-me-ri-dhi-a."

Nurdini alikuwa amehudhuria ndoa zisizo na idadi. Hakuwahi kusikia walii akiulizwa hivyo. Aliyeulizwa ni msichana, nyuma ya pazia. Alitaka kusema hivyo. "Jumatatu," akasema. Abdulrazaq akacheka kwa mapenzi, akamfuta mdomo, akagonga tena.

Mtu asiye na neno hata moja hachagui. Akaliimba. Aliimba *nimeridhia* jua likiwa kali na mvua ikinyesha, akiwa na homa, akiwa na njaa. Lilimtoka vipande, lilimtoka kinyumenyume. Jikoni Sikudhani alikuwa akitwanga, na bila kukusudia mchi wake ukashika pigo lile, ukawa unamsaidia baba. Ikafika jioni moja neno likatoka bila wimbo, pakavu, kamili, kama la mtu yeyote. Mzee akalia. Abdulrazaq naye akalia, na huenda machozi yake yalikuwa ya kweli.

Likawa mchezo wa kitongoji. Wapita njia wakiuliza, "Mzee Nurdini, umeridhia?" naye anajibu, nao wanapiga makofi. Alifurahi mwanzoni. Baadaye alijaribu kuwajibu neno jingine, akaona haliji. Mdomo umeshapata njia moja na hautaki nyingine.

"Baba mdogo," Sikudhani akauliza siku moja, "na lile la hapana?"

"Litakuja. Daktari alisema tusimchanganye."

Dhara hakusema hivyo. Lakini hapakuwa na wa kumuuliza. Walipofunga safari tena kwenda Kibiti, stoo ilikuwa imerudishiwa vyandarua mpaka darini. Mradi umekwisha, muuguzi alimwambia mzee, kwa ukelele uleule. Dhara kapelekwa wapi? Hajui. Wafadhili ndio wanaojua. Wakarudi na maji yakipwa, boti ikakwama kwenye tope, na Nurdini akakaa kimya njia nzima, kimya ambacho hata yeye hakuweza kukitofautisha na ugonjwa.

Mkutano uliitishwa kwenye darasa la shule. Abdulrazaq alimvalisha kaka yake kanzu, akamwambia wanakwenda kuwaamkia wageni. Mlangoni tu Nurdini akawaona: watu wa mabwawa. Kofia zilikuwa mpya. Akataka kugeuka, lakini mguu wa kulia haukuwa wa kugeuka haraka, na mdogo wake alikuwa ameshamkalisha kwenye dawati la mbele, yeye kushoto, mkono wa mzee juu ya paja lake.

Mtendaji wa kijiji alizungumza sana juu ya ajira. Kijana wa kampuni, miwani ya jua utosini, akasimamisha simu mbele ya uso wa Nurdini kumchukua video.

"Mzee wangu," mtendaji akasema. "Shamba la Kitope, kwa ajili ya mabwawa. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Umeridhia?"

Nurdini alielewa. Alielewa kila neno, na alielewa kitu kingine, palepale, kwa ukamilifu: zile alasiri zote zilikuwa za nini. Hatutaki ilisimama kifuani mwake, nzima, kama miaka yote. Akaisukuma. Chini ya dawati kidole cha Abdulrazaq kikagonga mgongo wa mkono wake, taratibu, kama barazani.

"Nimeridhia."

Darasa likapiga makofi. Nurdini akatikisa kichwa kwa nguvu, akalipiga dawati kwa kiganja, akafungua tena mdomo kuliondoa lile neno. "Nimeridhia," akasema. "Nimeridhia." Kila alivyozidi kukataa ndivyo sauti ilivyozidi kukubali.

"Jamani, tumesikia, mzee," mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

Bibi mmoja aliyeketi chini karibu na mlango hakucheka. "Mbona anatikisa kichwa?"

"Maradhi hayo, bibi," mtendaji akamjibu. "Kichwa kinacheza. Sisi tunafuata kauli, na kauli ndiyo hiyo."

"Mzee yuko freshi kabisa," kijana wa kampuni akasema, akaitia simu mfukoni.

Haukupita muda Abdulrazaq akafunga mashine mpya kwenye boti yake. Msikiti ukaezekwa bati la rangi kwa hisani ya kampuni. Mtambo wa kuchimba ukaletwa juu ya pantoni, ukaanza na tuta ambalo mama yake Nurdini alilisimamisha kwa jembe, likakatika kabla ya adhuhuri. Jioni Abdulrazaq alikuja na kamba wakubwa kwenye ndoo, akakaa barazani, akamsalimia kaka yake kama siku zote. Akasema asingefanya yeye wangekuja kwa nguvu na wasiache hata ndoo. Akasema ukoo ulihitaji mtu wa kufikiri. Nurdini aligeuza uso ukutani mpaka mdogo wake alipoondoka. Kamba walilala nje, wakaliwa na paka.

Sikudhani alikwenda baraza la kata. Alivaa buibui la Idi, akaeleza alivyoelezwa na Dhara: kwamba baba ana afasia, kwamba neno linalotoka silo lililomo moyoni, kwamba amefundishwa hilo moja tu. Wajumbe walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akachukua simu, akamwekea video.

"Hapa, binti yangu, baba yako anaongea au haongei?"

"Anaongea, lakini—"

"Basi anaongea."

Aliporudi hakuvua buibui. Alikaa barazani upande wa kushoto wa baba yake, mahali pa Abdulrazaq, akauchukua ule mkono. Nurdini akataka kuuondoa. Binti akaukamata.

"Baba, nisamehe. Haya yangu ndiyo iliyotufikisha hapa."

Akaanza kuimba. *Ni-me-ku-o-ze-sha bin-ti ya-ngu.* Aliimba ndoa yake mwenyewe mchana kweupe, mlango wazi, wanawake wakipita na ndoo kichwani. Walisimama, wakasikiliza, wakaendelea. "Mwenzetu kachoka kungoja, anajioza," mmoja akasema, bila kupunguza sauti. Sikudhani akagonga, akaimba. Usiku hakulala kwa aibu na kesho yake akarudi palepale.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu *nimeridhia* ilikuwa imekaa njiani. Kila sentensi ilipoanza na *nime*, mdomo ulikimbilia kule ulikokuzoea. Nurdini alijifunza kusimama hapo. *Nime.* Asimame, afumbe macho, asubiri lile neno baya lipite. Kisha *kuozesha*. Ramadhani ilipokwisha, Mfungo Mosi ulipoandama, alikuwa nayo yote, polepole, na mapengo kama meno ya mzee, lakini kwa mpangilio wake.

"Siku ya ndoa wakija kuniuliza sitajibu," Sikudhani akamwambia. "Mpaka niisikie sauti yako. Si ya baba mdogo. Yako."

Siku ikafika. Sebule ilitandikwa mikeka, wanaume wakajaa, wanawake chumbani nyuma ya pazia. Nurdini aliketishwa ukutani, akaegemezwa mito. Mahali pa walii, mbele ya Ismaily, alikaa Abdulrazaq, kilemba kichwani.

Nurdini akatoa sauti. Akajigonga kifua, akaonyesha pale. Sheikh akaona, akamwinamia Abdulrazaq, akasema kwa sauti ya chini kwamba vitabuni hata ishara ya mgonjwa inatosha, mzee anaweza kusogezwa.

"Sheikh," Abdulrazaq akasema, "leo akisema Jumatatu mbele ya wageni, nyuso tutazificha wapi?" Akamgeukia mtendaji, aliyekuwa shahidi. "Au mnaonaje?"

"Kwa kweli," mtendaji akasema, "mgonjwa hana kauli. Tusimtese."

Sheikh akakohoa, akafungua kitabu.

Wakapelekwa watu wawili mlangoni. Wakamuuliza msichana kama anakubali kuozwa na baba yake mdogo kwa Ismaily wa Mbwera. Kimya. Wakauliza tena. Pazia halikutikisika. Mara ya tatu sebule yote ilisikiliza, na Nurdini alisikiliza kuliko wote, akaisikia hapana ya binti yake, kubwa, imejaa nyumba, na hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye.

"Mwari akinyamaza kakubali," wale wawili wakarudi wakasema.

"Alhamdulillahi," sheikh akasema.

Hapo Nurdini akaanza. "Nime," akasema, akasimama, akafumba macho. Ulimi wa Abdulrazaq haukuwa na mahali pa kusimama. Ulikwenda mbio kama boti yake, ukaozesha, ukataja mahari, ukamaliza. Ismaily akapokea huku akitazama mkeka. Dua ikasomwa. Sinia za halua na birika za kahawa zilikuwa zimeshaanza kuzunguka, na watu wameshaanza kuzungumza mambo ya bei ya kamba, sentensi ilipofika.

"Nime... kuozesha. Binti yangu. Sikudhani."

Ilikuwa yote. Hakuna mtu aliyemgonga mkono.

Vichwa viwili vitatu vikageuka. "Maskini, kaifurahia shughuli," mmoja akasema. Nyuma ya pazia sauti ya msichana ikaanza kusema kitu, na vigelegele vikaifunika kabla neno la kwanza halijaisha. Nurdini akabaki kinywa wazi, akiyavuta maneno yale mara ya pili. Mtendaji alikuwa karibu, na hakuwa mtu mbaya. Akamega halua, bado ya moto, akamtia mzee mdomoni mpaka ndani, kisha akamshika kidevu, akakifunga, akakishikilia hivyo hadi ameze.